Moyo ukinenepa, mapigo yanapoteza njia

Mazungumzo tuliyotoa mbele ya wanamemba waliorudi, wa upande wa Kasongo na wa upande wa Kabambare. Komite imetuomba tuyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Maulizo ya wanamemba yako mwishoni.

Tunajua kila mtu anangoja hesabu, basi hatutazunguka.

Komite imetuomba tuzungumze juu ya moyo, na imetupa sababu mbili. Ya kwanza: sanduku la chama limetoa makuta kwa vilio vya watu ambao hawakulala kitandani hata siku moja. Mmoja ameanguka shambani, mwingine njiani akitoka soko, mwingine amelala vizuri na asubuhi hakuamka. Ya pili: nyuma ya vilio vya namna hiyo kunafuata maneno. Mnayajua. "Alikuwa muzima asubui, mangaribi amekufa. Njo nani amemuroga?"

Neno hilo si dogo kwa watu waliorudi juzi, ambao bado wanatafuta mipaka ya mashamba yao na kuzoeana upya na jirani. Bunduki imetufukuza mara moja. Neno la ulozi linaweza kufukuza familia mara ya pili, na safari hii bila risasi hata moja.

Sisi si madaktari wa moyo. Tunapita vijijini na mainfirmye na mareko, tunapima, tunaandika, tunapeleka wagonjwa. Tutakayosema ni yale waganga wanakubaliana, na tutayasema kwa lugha ya hapa.

Moyo unapata wapi mdundo wake

Kila mtu afunge ngumi. Moyo wako una ukubwa karibu wa ngumi hiyo, na kwa mtu mzima una uzito wa gramu 250 hadi 350 hivi. Ndani kuna vyumba vinne. Viwili vya juu ni vidogo, vinapokea damu. Viwili vya chini ni vikubwa, vinaisukuma. Chumba cha chini cha kushoto njo chenye kazi nzito kuliko vyote, kwa maana kinasukuma damu kichwani na mpaka kwenye vidole vya miguu. Ukuta wake, kwa mtu mwenye afya, una unene wa milimita 6 hadi 10 hivi.

Mtu aliyetulia, moyo wake unapiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Tukichukua mara 70, kwa siku moja inapita mara 100,000. Hakuna injini ya pikipiki yetu hata moja inayoweza kazi hiyo miaka 60 bila kuzimwa.

Nani anapiga ngoma hiyo? Juu kabisa, katika chumba cha kuume, kuna kipande kidogo cha nyama kinachotoa umeme mdogo sana. Umeme huo unapita kwanza vyumba vya juu, navyo vinajikaza. Unafika kwenye mlango wa katikati, unangoja sehemu ndogo ya sekunde ili damu ishuke. Halafu unashuka mbio kwa njia zake maalum mpaka vyumba vya chini, navyo vinajikaza vyote pamoja. Hilo njo pigo moja. Kisha kila chembe ya nyama inapumzika kidogo, na inaanza upya.

Mmeona pirogi kubwa kwenye Lualaba. Mmoja anaimba, wengine wanaingiza kasia majini kwa sauti yake. Pirogi haiendi juu ya mikono minene tu. Inaenda kwa sababu wote wanapiga maji kwa wakati mmoja. Wakipiga kila mtu kwa wakati wake, hata wakiwa na nguvu namna gani, pirogi inatikisika na kuzunguka mahali pamoja. Shikeni mfano huo, tutaurudilia.

Kwa nini nyama ya moyo inanenepa

Hapa kwetu, sababu tunayokutana nayo sana ni ile ambayo waliokaa Tanzania wanaiita presha, na waliobaki hapa wanaiita tansio. Ni kitu kimoja: nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Kipimo kikifika 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa namba ya chini, na kikirudia hivyo siku tofauti, mtu huyo ana tansio ya juu.

Tansio ikiwa juu, moyo ni kama mtu anayesukuma mlango ambao kuna mtu mwingine anausukuma kutoka ndani. Anasukuma mchana, anasukuma usiku, hakuna siku ya kupumzika. Nyama ya chumba cha kushoto inafanya sawa nyama ya mkono wa mama anayetwanga kila siku: inanenepa. Ukuta wa milimita 9 unakuwa wa 13, wa 15. Moyo wa gramu 300 unaweza kupita gramu 500.

Kuna namna nyingine ambapo ukuta haunenepi, bali chumba chenyewe kinatanuka na kulegea, sawa mfuko uliobeba kupita kiasi. Hiyo inaletwa na mambo mengi. Lotoko ya kila siku kwa miaka inaweza kuileta. Inaweza pia kumpata mama katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi 5 ya kwanza nyuma ya kuzaa, hata kama hakuwahi kuugua moyo. Wamama, sikieni hapa: mama aliyezaa ambaye hawezi kulala chali bila kukosa pumzi, anakohoa usiku, miguu inavimba badala ya kupungua, msimwambie kwamba ni uchovu wa uzazi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na kuna watoto. Maumivu ya koo yasiyotibiwa, kwa watoto wengine, yanarudi kama homa ya viungo, na homa hiyo inaharibu vilango vya moyo. Kilango kikiwa kibovu, chumba kilicho nyuma yake kinatanuka. Yote haya, unene na kutanuka, watu wanayaita "moyo mukubwa", na waganga pia wanasema hivyo. Lakini ukubwa wenyewe si mwisho wa matata. Matata ya pili ni mdundo.

Unene unavyoharibu mdundo

Chembe za nyama zikinenepa, katikati yake zinaingia nyuzi ngumu, kama kovu. Kovu halipitishi umeme vizuri. Pahali umeme ulikuwa unapita wazi kama barabara ya kiangazi, sasa unakuta miti imeanguka: unazunguka, unachelewa, unagawanyika.

Mnajua kuchoma manyasi. Moto ukipita, hauwezi kurudi nyuma, juu manyasi ya nyuma imekwisha kuungua. Umeme wa moyo njo vile: unapita, na nyuma yake nyama inapumzika, kwa hiyo umeme unafika mwisho na kuzimika. Sasa wazieni shamba lenye mawe na sehemu mbichi. Moto unagawanyika, upande mmoja unazimika, mwingine unatambaa polepole ukizunguka mawe. Tuseme unachelewa hata unaporudi kwenye mwanzo, manyasi imeota tena. Moto unapata chakula, unaanza kuzunguka bila mwisho. Katika shamba ni jambo la miezi. Katika moyo wenye makovu ni sehemu ya sekunde tu, na mzunguko huo unaweza kupiga mara 150 au 200 kwa dakika bila kumsikiliza mwimbaji wa pirogi.

Kuna mambo mengine mawili yanayosaidia moto huo. Nyama nene inachelewa kupumzika baada ya pigo, na kila sehemu inachelewa kwa kipimo chake. Tena nyama nene inataka damu nyingi, na mishipa midogo inayoilisha haikui kwa kipimo kile kile. Nyama yenye njaa inakuwa na hasira: inatoa umeme pahali pasipostahili.

Vyumba vya juu navyo vinaumia. Chumba cha chini kikiwa na ukuta mnene na mgumu, hakifunguki vizuri kupokea damu. Chumba cha juu kinalazimika kusukuma zaidi, kinavutika, kinapata makovu yake. Kwa hiyo matata ya mdundo ni ya namna mbili, na ni lazima kuzitofautisha.

Namna ya kwanza: vyumba vya juu vinatetemeka. Badala ya kujikaza pamoja, kila kipande kinacheza ngoma yake, mamia ya mara kwa dakika. Mlango wa katikati unazuia mengi, unaacha mengine kupita bila mpango. Ukishika mkono wa mtu huyo, utasikia mapigo yasiyo na hesabu: mawili ya haraka, moja linachelewa, matatu, kimya, moja. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka. Lakini damu isiyosukumwa vizuri inalala katika kona ya chumba na kuganda. Kipande kikiruka, kinaweza kufika kwenye ubongo. Asubuhi mdomo umeenda kando, mkono na mguu wa upande mmoja hauamki, neno halitoki. Mwenye mtetemo huo ana hatari karibu mara 5 kuliko asiye nao ya kupatwa na jambo hilo.

Namna ya pili: vyumba vya chini vinatetemeka. Hapo hakuna damu inayotoka. Ni pirogi ambayo kila mtu anapiga kasia kwa wakati wake. Mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi, na ndani ya dakika chache ubongo unaanza kufa. Hakuna jeraha, hakuna homa, hakuna povu la sumu. Alikuwa anacheka, ameanguka.

Foé

Vijana wa mpira wanamjua Marc-Vivien Foé wa Kameruni. Tarehe 26 Juni 2003, katika mji wa Lyon, Ufaransa, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Kameruni na Kolombia. Dakika ya 72, alikuwa katikati ya uwanja, hakuna mchezaji aliyemgusa, ameanguka. Alikuwa na miaka 28. Madaktari walikuwa pale pale, uwanja mkubwa, nchi tajiri, na hakupona.

Uchunguzi wa mwili ulionyesha nini? Moyo wenye nyama nene. Kwake haikuwa tansio. Ilikuwa ugonjwa wa kurithi, ambao nyama ya moyo inanenepa yenyewe. Unakadiriwa kupata mtu 1 kati ya 500 hivi. Wengi wao wanaishi wanazeeka. Wengine wanaanguka vijana, mara nyingi wakiwa katika kazi nzito au mchezo.

Tunamtaja Foé kwa sababu moja. Mtu mwenye nguvu kuliko sisi wote humu, aliyekimbia saa nzima mbele ya kamera za dunia, ameanguka bila mtu kumgusa. Wenye kupasua mwili na kutazama wamepata jibu lililokuwa ndani ya kifua chake. Kijijini kwetu hakuna wa kupasua na kutazama. Kwa hiyo jibu linabaki ndani ya kaburi, na nje linabaki neno.

Kabla ya kutaja jina la jirani

Hatukuja kubishana na imani ya mtu. Tena hatusemi kila kifo cha ghafula ni moyo. Kuna nyoka, kuna mshipa uliopasuka kichwani, kuna sumu ya kweli. Tunachoomba ni kwamba, kabla ya jina la jirani kutajwa kwenye kilio, wazee wakae na familia na kuuliza maulizo manne.

Marehemu aliwahi kupimwa na kuambiwa ana tansio? Alikuwa anakunywa dawa akaziacha? Katika miezi ya mwisho alilalamika kukosa pumzi, miguu kuvimba, roho kupigapiga, au aliwahi kuzimia akiwa kazini? Katika ukoo wake kuna mwingine aliyeanguka ghafula akiwa kijana?

Jibu moja la ndiyo halithibitishi kila kitu, lakini linatosha kufunga mdomo mpaka infirmye asikilizwe. Na kama jibu la nne ni ndiyo, ndugu na watoto wa marehemu wapelekwe kupimwa. Hapo kilio kinaokoa watu badala ya kutafuta wa kufukuza.

Vidole vitatu na saa

Mtaalamu wa moyo yuko mbali nasi. Mashine ya kuandika umeme wa moyo, elektrokadiogramu, na ile ya kutazama unene wa ukuta, ekografi, haziko katika kila kituo cha afya. Lakini kila nyumba iko na vidole na simu yenye saa.

Kaa chini, pumzika dakika 5. Weka vidole vitatu chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa mkono wa mtu. Hesabu dakika nzima, si nusu. Yakiwa chini ya 50 au juu ya 100 kwa mtu aliyetulia asiye na homa, aende kituo. Yakiwa hayana mpango, hata kama hesabu ni nzuri, aende kituo na amwambie infirmye hivyo hivyo: "Mapigo yangu hayafuatane." Akiwa amezimia, akiwa na maumivu ya kifua, au pumzi inakatika, asingoje siku ya soko. Siku hiyo hiyo.

Na tansio ipimwe kwa kila mtu mzima aliyepita miaka 40, na kwa kila mama mwenye mimba. Tansio mara nyingi haiumi. Kichwa hakiumi, macho hayasumbui, mtu analima vizuri, na ndani ukuta unanenepa. Njo maana hatuwezi kungoja ishara.

Kuna habari njema na hatutaki mtoke bila kuisikia. Tansio ikishuka na kubaki chini, unene wa nyama unaweza kupungua kwa miezi na miaka, na hatari ya mdundo kuharibika inapungua pamoja nao. Dawa si za ajabu. Amlodipini, hidroklorothiazidi, enalaprili ni dawa za zamani, za bei inayoeleweka, na infirmye aliyefundishwa anaweza kuzifuata. Zile za kukojoza zinatoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikipungua sana mdundo unaharibika. Kwa hiyo mwenye kuzikunywa afuate vipimo, na kama figo zake ni nzima, asikose ndizi, maharage na lengalenga.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema isipite gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani yake kuna ile ya makayabu na ya Maggi. Makayabu iloweshwe, maji yamwagwe, iloweshwe tena. Sombe na mchele wa Kasongo havina kosa. Kosa ni kile tunachomwaga juu yake.

Tunachoomba chama

Sasa tunafika kwenye sanduku. Leo sheria ya chama inasema: mwanamemba akifa, familia inapata msaada wa kilio. Akilazwa, anapata usafiri. Ni vizuri. Lakini mwenye tansio halazwi. Anakosa makuta ya vidonge mwezi mmoja, anakosa wa pili, na anarudi kwetu kama kilio. Tumekuwa tukilipa mwishoni kwa bei kubwa kile tungelipa mwanzoni kwa bei ndogo.

Tunaomba mjadili mambo matatu.

Kwanza, kipimo kimoja cha tansio cha mkono, mali ya chama, kikae kwa reko aliyefundishwa na infirmye, na kila siku ya mkutano watu wapimwe kabla ya kuketi.

Pili, fungu dogo la dawa za kila mwezi, kwa mkopo kwa wale wanaopungukiwa. Mwenye kuuza mpunga atalipa wakati wa mavuno, lakini kidonge hakingoji mavuno.

Tatu, karatasi ya dawa. Wengi wetu tuliacha dawa siku ya kukimbia. Waliofika Nyarugusu, kule Kigoma, walianzishiwa upya, na waliporudi wakapotea tena, kwa sababu hawakujua jina la dawa, walijua rangi ya kidonge tu. Basi iandikwe karatasi: jina la dawa, kipimo, tarehe, namba za tansio. Iwekwe ndani ya plastiki pamoja na karte ya uchaguzi, kwenye ule mfuko ambao kila mtu humu anajua uko wapi usiku. Mkisikia milio, Mungu atukinge, dawa na karatasi viende nanyi.

Kuna atakayesema haya ni ya watu wa mji. Tunamkumbusha kwamba miaka ya 1970, hapa hapa Kasongo, wazaïrwa pamoja na madaktari wa Chuo cha Dawa za Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu namna ya kuweka kituo cha afya karibu na watu na kukiunganisha na hospitali, na wanakijiji wakiwa na sauti. Mradi wa Kasongo ulisomwa katika vyuo vya nchi nyingi, na zoni za afya tunazozijua leo ziliundwa katika miaka ya 1980 kwa mawazo ya namna hiyo. Kufuata mgonjwa mwezi kwa mwezi karibu na nyumba yake si kitu cha kuazima mbali. Kimewahi kulimwa katika udongo huu.

Maulizo

Kijana mmoja ameuliza: sisi tunaosukuma kinga yenye magunia, moyo wetu unakuwa mkubwa pia. Ni hatari?

Kazi ya nguvu inakuza moyo, ni kweli, lakini moyo huo unapata saa za kupumzika, na chumba kinakua pamoja na ukuta bila makovu mengi. Ule wa tansio haupumziki. Lakini ukizimia ukiwa unasukuma, au kifua kinakubana kwenye mlima, usiseme ni jua. Weka mzigo chini, uende upimwe.

Mama mmoja ameuliza: "Roho inanipiga sana usiku, nikikumbuka vile tulikimbia. Ni moyo mukubwa?"

Mama, asante kwa kuuliza mbele ya watu. Hofu nayo inapigisha moyo mbio, na kupungukiwa damu na homa vinafanya hivyo. Mara nyingi mapigo ya hofu ni ya haraka lakini yanafuatana. Wewe si kichaa, na hauko peke yako humu. Lakini tusikisie: utapimwa tansio, utashikwa mkono dakika nzima. Ikiwa moyo ni mzima, tutaongea juu ya usingizi na yale unayoyaona usiku, maana nayo ni ugonjwa unaosaidiwa.

Mzee mmoja ameuliza: nimekunywa dawa, tansio imeshuka mpaka 130. Kwa nini niendelee kutupa makuta?

Mzee wetu, nyumba yako haivuji juu kuna paa. Hauondoi paa kwa sababu ndani ni pakavu. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Infirmye anaweza kupunguza, wewe usikate peke yako.

Mwingine ameuliza juu ya dawa za miti. Tunasema hivi: usimfiche infirmye unachokunywa, na usiache kidonge kwa ajili ya mti. Na dawa za kupimia mkononi sokoni, za malaria hasa, zinunuliwe kwa ushauri, kwa sababu zingine, kama kinini, zikizidi zinagusa mdundo wa moyo.

Ulizo la mwisho: mtu akianguka mbele yetu, tufanye nini?

Mwite. Asipoitika na asipopumua vizuri, mlaze chali pahali pagumu, weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu, sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mpokezane mkichoka, huku mwingine akikimbilia muganga. Bila mashine ya kushtua moyo wengi hawarudi, hatutawadanganya. Lakini familia iliyofanya hivyo inajua kwamba ilifanya kitu, na kijiji kilichoona kinajua kwamba jirani alibonyeza kifua hicho mpaka jasho likamtoka. Ni vigumu kumwita mlozi mtu huyo.

Komite itaweka mambo matatu tuliyoomba kwenye mkutano ujao. Wenye kutaka kupimwa leo, infirmye amekaa chini ya mwembe, mwanzo wamama wenye mimba na wazee.